Kadi Mpya kwenye Sanduku la Babu

Shangazi yangu huchora ramani za nyumba, na siku za karibuni alikuwa anazichora kwa pua. Sisemi kwa ubaya. Aliisogelea skrini mpaka ncha ya pua inaacha alama ya jasho kwenye kioo, na mimi ndiye niliyekuwa naifuta kila jioni kabla Babu hajaiona. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na foleni ya upasuaji ni ndefu. Nikamwambia Shangazi ashukuru, hao ndio watoto pekee duniani wasioomba viatu vipya. Akacheka, lakini kile kicheko hakikufika mbali.

Hakikufika mbali kwa sababu ya mkandarasi. Kwenye ramani ya nyumba moja Shangazi aliona sita akaandika nane. Mlango ukaletwa, ukakutana na ukuta, wakashindana, ukuta ukavunjwa. Mkandarasi hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema tu kwamba Jumamosi saa nne atakuja nyumbani, akae ubavuni mwa Shangazi, ramani ya zahanati ifunguliwe mbele yake, amwulize vipimo na yeye asome. Akisoma bila kubabaika, zahanati ni yake na kazi zitakazofuata ni zake. Akibabaika, kuna kijana mmoja ana kompyuta ya mapajani na macho ambayo hayajazaa mtoto. Nyumba yetu ni watu watatu: Shangazi, Babu ambaye ndiye baba yake, na mimi niliyemaliza sekondari na kukaa nikisubiri chuo kinikumbuke. Sote tulikuwa tunakula kwenye hizo ramani.

Kununua kompyuta mpya kusingesaidia kitu. Programu ya Shangazi ya kuchorea ilisajiliwa kwenye mashine ile ile miaka mingi iliyopita, na wawili hao wameshazoeana kama mke na mume wa zamani; ukimtoa mmoja, mwingine anagoma kula. Kilichobaki ni kumpa monita kubwa. Tuliwahi kuazima moja kanisani, ikaonyesha, lakini kila akisogeza ramani mistari ikawa inakokota mkia kama konokono. Sehemu ya kutolea picha ndani ya sipiyu, lile kasha la mashine yenyewe, ilikuwa dhaifu kwa kioo kipana. Kwa hiyo tulihitaji viwili, monita na kadi ya grafiki ya kuilisha picha, na pesa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kununua mara moja. Ya kujaribu na kukosea haikuwepo.

Ijumaa asubuhi tukaitoa sipiyu kwenye sanduku lake, twende nayo dukani. Hapa lazima niseme kuhusu hilo sanduku, maana bila hilo hadithi hii isingekuwepo na mimi ningekuwa na nywele zangu zote. Babu ni seremala. Shangazi alipopata kompyuta, Babu aliona vumbi na mijusi ya nyumba yetu akasema haiwezekani. Akaijengea sanduku la mbao ngumu, lina matundu ya hewa ubavuni, kidirisha cha kubonyezea swichi mbele, na nyuma matundu ya duara, kila waya na tundu lake, safi kama vifungo vya shati. Baada ya hapo mikono yake ikaanza kutetemeka. Karakana ikafungwa. Hilo sanduku ndilo kitu cha mwisho alichokitengeneza, na hulipangusa yeye mwenyewe, kwa fulana yake ya zamani, hata kama si chafu.

Tulipokuwa tunaondoka, Babu alikuwa mlangoni na penseli sikioni, kama kawaida yake, ingawa hana tena cha kuchora. Akaniambia nisimchoshe mtoto wake kwa kuchagua, mchagua nazi hupata koroma. Nikamjibu kwamba asiyechagua naye hupewa kifuu, mume wangu. Akasema ndiyo maana hataki kunioa rasmi.

Dukani maboksi yalikuwa yamepangwa mpaka darini, na juu ya kaunta kulikuwa na kibao: bidhaa ikitoka hairudi. Muuzaji alikuwa kijana mwenye miwani ya jua kwenye paji la uso, ndani ya duka lisilo na dirisha. Nikampa jina la Jua Kali papo hapo, moyoni. Kabla hatujaeleza shida yetu alishawasha monita nyembamba kama biskuti, na ndani yake kasuku, unyoya mmoja mmoja unahesabika. Akasema hiyo ndiyo yenye picha kali kuliko zote dukani. Shangazi akasema nzuri sana. Aliitazama kama mtu anavyotazama picha za harusi ya jirani.

Nikamwomba Jua Kali amtoe kasuku na kufungua faili nililokuja nalo kwenye flashi. Ilikuwa ramani ya zahanati. Ikatokea, mistari mizuri kama imechanjwa kwa wembe. Nikamketisha Shangazi kwenye kiti, umbali wa mtu anayefanya kazi bila kutumia pua, nikamwambia asome jina la chumba kilicho kati.

 Akapepesa macho, akainamisha kichwa upande, akarudisha.

"Kuna chumba hapo?" akauliza.

Jua Kali alicheka akidhani ni utani. Mimi sikucheka, na mnijue, hilo si jambo la kila siku. Nikaelewa kitu ambacho usiku kucha nilikuwa nakisoma kwenye simu bila kukielewa. Ukali wa picha ni wingi wa nukta. Programu ya Shangazi ni ya zamani, huandika kila herufi kwa idadi ile ile ya nukta popote iendapo. Nukta zikiwa nyingi na ndogo, herufi nazo zinakonda mpaka zinakuwa sisimizi. Kitu kizuri kuliko vyote dukani kingemfukuzisha Shangazi kazi.

Nikaomba kioo kikubwa kuliko vyote chenye nukta chache kuliko vyote. Jua Kali alionekana kuumia. Akavuta moja kutoka nyuma, ina vumbi, akasema hiyo watu huitundika ukutani waangalie mpira, mtu akikaa karibu anaona nukta zenyewe.

"Ndizo tunazozitaka," alisema Shangazi. "Nizione moja moja, nizisalimie."

Kwenye kadi ndipo shetani alipokuja. Jua Kali aliweka kwenye kaunta kadi moja yenye feni tatu na taa zinazobadilika rangi, nzito kama pasi. Mimi nacheza michezo ya kompyuta. Moyo wangu uliruka ukaenda kukaa juu ya ile kadi. Shangazi akaniuliza ile ni ya nini. Nikasema ya kazi. Akauliza, kazi ya nani. Macho yake hayaoni herufi, lakini yananiona mimi vizuri sana.

Tukafungua ubavu wa sipiyu. Kisanduku cha kugawa umeme kilikuwa kile kile cha zamani, na karatasi iliyobandikwa juu yake ilisema nguvu yake ni kidogo, nusu ya ile iliyotakiwa na kadi, na waya wa ziada wa kuilisha haukuwepo kabisa. Jua Kali akasema itavumilia. Nikamwambia itavumilia huwa wanaambiwa maharusi. Tukachukua kadi nyembamba, ina feni moja ndogo kama ya mwanasesere, inayokula umeme wa pale pale inapochomekwa, haidai waya mwingine. Mgongoni ilikuwa na tundu moja tu la picha, lile bapa la siku hizi.

Ikachomekwa, monita ikaunganishwa kwa waya mpya bapa uliokuja nayo, swichi ikabonyezwa.  Picha ikaja. Shangazi, kutoka kwenye kiti, bila kusogea, akasoma kwa sauti: chumba cha sindano. Akasoma na korido. Akasoma na choo, akakisoma tena. Nikapiga picha kwa simu, yeye na skrini, halafu mgongo wa sipiyu jinsi nyaya zilivyokaa, kwa sababu kichwa changu hukumbuka utani tu.

Jumamosi niliamka nikasikia harufu ya gundi ya mbao. Sikuitilia maanani, nyumba yetu harufu hiyo haikauki. Babu alikuwa ameamka kabla ya wote. Tukamkuta amekaa mbele ya sanduku, fulana begani, uso unameremeta. Alisema mgonjwa tayari amelazwa. Sipiyu alishairudisha ndani, nyaya alishazipitisha mwenyewe, maana matundu yale ni yake na anayajua kwa kupapasa. Monita mpya ilikuwa mezani, pana kama mlango. Shangazi akamshukuru, akaenda kubadili nguo.

Saa tatu na nusu nikabonyeza swichi. Feni ikavuma. Taa ya sipiyu ikawaka. Monita ikaandika maneno machache meupe kwamba haipati picha, ikazimika.

Nikazima, nikawasha. Ikaandika, ikazimika.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu na gauni lake la ofisini.  Nilisikia tu mkono wake ukiwa umekamata mgongo wa kiti changu, na kiti kikaanza kulia. Nikampigia Jua Kali, akaniambia ilitoka dukani ikiwa hai, shahidi ni mimi, na kibao nilikisoma. Alikuwa na haki yake. Nikafikiria umeme, nikafikiria tuliigongesha njiani, nikafikiria kadi ya feni tatu na laana zake. Kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua: dukani ilifanya kazi, hapa haifanyi. Kimebadilika nini?

Nikainua boksi la monita kutafuta karatasi ya maelezo, na chini yake nikauona ule waya mpya bapa. Umekunjwa vizuri, umerudishwa kwenye mfuko wake wa nailoni, umefungwa na mpira.

"Mume wangu," nikasema polepole, "huu waya mbona uko huku?"

Babu akasema huo ni wa akiba. Alijaribu kuupitisha akaona hauna tundu. Ule wa zamani, wenye kichwa cha bluu, una tundu lake toka siku zote, na nyuma ya monita mpya ulikuta pa kukaa, ukakaa, akaufunga na skrubu zake mbili.

Hapo nikaelewa, na ningependa nisingeelewa. Kichwa cha bluu kilikuwa kimeingia mahali pake pa zamani, kwenye picha dhaifu ya ndani. Kadi mpya ikishaingia, mashine ile hulizima tundu la zamani. Picha yote inatokea kwenye kadi. Na mgongo wa kadi ulikuwa unatazama ubao mzima, usio na hata kitobo. Babu alichimba matundu kwa ajili ya nyaya zilizokuwepo siku ile. Waya ambao haujazaliwa atauchimbiaje?

"Basi tuitoe nje tuichomeke mezani," nikasema, nikashika kizuizi cha mbele, ule ubao unaoifungia sipiyu ndani. Hakikusogea. Nikavuta tena. Babu akanigusa bega.

"Nimetia gundi," alisema. "Alfajiri. Mijusi ilikuwa inaingia pale."

Nje geti likagongwa. Mkandarasi alikuwa amewahi.

Shangazi alitutazama, mimi, kisha Babu, kisha sanduku. Aliongea kwa sauti ya chini kabisa. Alisema kuna mtaimbo nyuma ya banda, tulivunje, yeye atamkalisha mgeni sebuleni na chai. Halafu akaenda. Hakumtazama Babu tena, na nadhani ni kwa sababu alijua uso wake ukoje.

Mimi sikutaka kuutazama pia. Mtaimbo ungelivunja sanduku, na pigo lile lile lingeweza kuiua sipiyu ndani. Nikamwambia Babu hivyo, nusu kwa ajili ya mashine, nusu kwa ajili yake.  Kisha akaniambia niende karakana nikalete keekee ya kutobolea mbao, ile ya kuzungusha kwa mkono, na chuma chake kinene kuliko vyote. Na mshumaa.

Niliporudi alikuwa amevuta meza, amepiga magoti nyuma ya sanduku, amechomoa waya wa umeme. Akataka picha niliyoipiga dukani. Nikaikuza kwenye simu. Akatazama tundu la bluu na lile bapa chini yake, akapima kwa ukucha juu ya kioo cha simu. Akaweka vidole viwili kwenye tundu la bluu la kweli, akateremka, vidole viwili tena, akaongeza kimoja. Akachukua penseli sikioni, akaweka alama. Mkono ulitetemeka ukachora kitu kama mdudu. Akaitazama ile alama, akaifuta kwa mate.

"Weka wewe," akasema.

Nikaweka. Akapaka nta ya mshumaa kwenye chuma ili unga wa mbao ugandane usimwagike ndani, akanikabidhi keekee. Nilitaka kusema utani na haukuja. Nyuma ya ubao kulikuwa na nafasi ya upana wa kidole, na baada ya nafasi hiyo ni kadi mpya, isiyorudishwa dukani. Nikisukuma kidogo tu kupita kiasi, chuma kitaruka na kuingia kifuani mwa kadi.

Babu aliegemeza sikio lake kwenye sanduku. Mikono yake miwili akaiweka juu ya yangu, na ikanitetemesha mimi pia, akaiondoa.

"Usisukume. Zungusha tu, chuma kinajua njia. Sauti ikiwa nyembamba nitakugusa, uache hapo hapo."

Nikazungusha. Mbao ilikuwa ngumu. Ilianza kulia kwa sauti nzito, kama mtu anayesafisha koo. Sebuleni nilisikia mkandarasi akiuliza kama kuna fundi ndani. Shangazi akajibu baba yake anarekebisha kabati. Hakudanganya hata neno moja. Mkandarasi akasema chai ameshamaliza na ana safari nyingine. Shangazi akamuuliza kuhusu mchanga wa ujenzi siku hizi, na nikajua hana tena cha kumuuliza.

Jasho liliniingia jichoni. Unga ulikuwa unatoka mwekundu, umeshikana na nta kama funza. Sauti ilikuwa ile ile, nzito, nzito. Nilidhani imebadilika nikasimama; Babu akatikisa kichwa, bado. Nikazungusha. Bado. Nikazungusha nusu. Kidole chake kikanigusa mkononi, chepesi, na nikaacha.

"Rudisha kinyumenyume."

Chuma kikatoka. Babu akatoboa kile kipande kilichobaki kwa ncha ya penseli, nacho kilikuwa chembamba kama ganda la yai, akakivutia nje kwa ukucha. Nikamulika kwa simu. Tundu bapa la kadi lilikuwa linanitazama kutoka gizani, zima, karibu katikati. Karibu. Waya uliingia kwa kuinamishwa ubavu, ukagoma, ukabembelezwa, ukatoa mlio mdogo wa kukaa.

Nikachomeka umeme. Nikabonyeza. Monita ikabaki nyeusi muda ambao siwezi kuueleza, halafu ikang'aa chumba kizima.

Mkandarasi aliingia bila kuketi kwanza. Ni mtu mnene, mpole, anayenuka saruji. Shangazi akakaa kwenye kiti, mgongo wima, mbali na skrini kama mwalimu, akafungua ramani. Mkandarasi akauliza upana wa mlango wa chumba cha sindano. Shangazi akausoma. Akauliza korido. Akasoma. Akauliza kimo cha dirisha la stoo, kile cha pembeni kabisa, kilichoandikwa kidogo kuliko vyote, na hapo nikaona Shangazi amenyamaza. Babu, aliyekuwa bado chini nyuma ya meza, akashika mguu wa meza.

Shangazi akageuka akamtazama mkandarasi usoni.

"Macho yangu ni mabovu," alisema. "Yanasubiri upasuaji. Nane ile ilitoka huko. Sasa naona kwa kioo hiki, na kisipokuwepo sioni. Nimekwambia ili usije ukaambiwa na mtu mwingine." Kisha akarudi kwenye skrini, akasoma kimo cha dirisha, tarakimu zote, taratibu, na hakukosea.

 Mkandarasi akatoa mfukoni karatasi ya vipimo alivyoviandika kwa mkono, iliyokunjwa, akaifungua ili alinganishe. Akaishika karibu. Akaisogeza mbali. Akaisogeza mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Mimi nikaangalia dari, maana ningemwangalia yeye ningekufa.

"Hapa niliandika nini?" akamuuliza Shangazi, akampa ile karatasi.

Shangazi akasema nayo haioni, ni ya penseli. Wakageuka wote wawili wakanitazama mimi. Nikasoma. Vipimo vilifanana. Mkandarasi akaikunja karatasi, akasimama akikiangalia kile kioo kwa muda, akasema ramani ya zahanati ianze kuchapwa Jumatatu, na kwamba nyumba ya walinzi ataileta wiki ijayo. Mlangoni akarudi hatua moja akaniuliza, kwa sauti ya kuuliza njia ya chooni, duka lile liko wapi.

 Alipoondoka, Shangazi alienda nyuma ya meza, akapiga magoti na gauni lake zuri kwenye unga wa mbao, akaweka kidole kwenye tundu jipya, akalizunguka. Halafu akaweka mkono kwenye bega la baba yake akakaa hapo.

Babu alikuwa anaikagua kazi yangu kwa uso wa fundi mkuu. Akasema tundu limepinda.

"Mume wangu," nikamwambia, "hata wewe umepinda, na bado tunakutumia."

Akatafuta msasa mfukoni, akanipa, akaniambia nianzie upande wa kushoto.